Uzi wa Dagdu

Watu thelathini na wanane walishuka kwenye basi kuitazama Taj Mahal, na thelathini na saba wakaitazama. Wa thelathini na nane, Shevanta, mpishi wa shule ya msingi ya Borgaon, alikuwa anatazama saa ya mkononi ya Bwana Phadke, kiongozi wa msafara.

"Bwana Phadke, Sikri tutafika saa ngapi?"

"Mama, umeniuliza jana kule Delhi. Umeniuliza tena asubuhi tukinywa chai. Hebu geuka! Watu wanavuka bahari kuja kuliona jengo hili, wewe umelipa mgongo!"

Shevanta akageuka. Jeupe, kubwa, zuri. Haya, ameliona. Akarudi kwenye saa.

Indutai, karani mstaafu wa posta aliyekaa naye kiti kimoja tangu Nagpur, alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu kule Ngome Nyekundu alichouliza ni choo kiko wapi na basi linaondoka lini. Dada, ukirudi kwenu utawahadithia nini? Saa ya Phadke?"

Tusimcheke sana. Mtu ambaye kwa miaka hamsini na tisa safari yake ndefu ilikuwa ya kwenda soko la Yavatmal na kurudi, usimtarajie atembee Delhi kama yuko uani kwake. Siku tatu mfululizo alikuwa roho juu. Hakunywa maji njiani asije akalazimika kuomba basi lisimame. Phadke alipohesabu abiria, naye alihesabu kimoyomoyo, na mara mbili hesabu yake ilipungua mmoja kwa kuwa alijisahau mwenyewe. Lakini kuachwa na basi haikuwa hofu yake kubwa. Hofu yake kubwa ilikuwa imelala kitandani Borgaon, ina mimba ya miezi saba.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka thelathini na mbili nyuma, mumewe Dagdu, dereva wa lori, alipita Fatehpur Sikri na shehena ya machungwa. Ndoa yao ilikuwa na miaka sita na hawakuwa wamejaliwa mtoto. Akaingia kwenye kaburi la walii, akafunga uzi kwenye dirisha la marumaru kama wanavyofunga wote, Wahindu kwa Waislamu, akaomba. Mwaka uliofuata akazaliwa Bhaskar. Sasa, aliyepewa alichoomba sharti arudi akafungue uzi. Dagdu alisema mwakani. Mwakani ikazaa mwakani nyingine, mpaka moyo ukamsimama akiwa kwenye usukani, akaletwa nyumbani amefunikwa shuka. Uzi ukabaki umefungwa.

Kwao Shevanta, nadhiri ambayo haijatimizwa wanaijua mume na mke tu, haitajwi. Ukifungua mdomo kabla ya kufungua fundo, umeiharibu. Kwa hiyo Bhaskar alipomwoa Ujwala, na mimba ya kwanza ikatoka, Shevanta alijua sababu lakini hakusema. Ya pili ikatoka, hakusema. Alipika bila kusema, akafagia bila kusema, na kila akimtazama yule binti alishusha pumzi ndefu akageuza uso, maana aibu ilikuwa inamtafuna. Deni ni la nyumba yake, anayelilipa ni mtoto wa watu.

Ya tatu ilipofika mwezi wa saba na daktari akamkataza Ujwala kunyanyua hata ndoo, Shevanta akamwambia mwanawe, "Nataka kuiona Taj Mahal kabla sijafa."

Kijiji kikapata la kusema. Mkwe yuko kitandani, mama mkwe anakwenda kutalii! Ujwala mwenyewe alisema, "Nenda, Mama," akageukia ukutani.

Basi. Saa nane mchana walikuwa bado Agra. Foleni ilikula muda, chakula kikala muda, halafu bibi mmoja akapoteza miwani. Basi lilipoondoka, Phadke akasimama kando ya dereva na kukohoa, na Shevanta akakijua kile kikohozi kabla hajasikia neno.

"Ndugu zangu, tumechelewa. Sikri tutaipita tu. Lango lake ni refu, mtaliona vizuri dirishani. Hotelini Mathura wanatusubiri."

Shevanta alijikuta amesimama katikati ya viti, yeye ambaye hata kufungua dirisha aliomba ruhusa.

"Usiposimama nitaruka."

"Mama, kaa chini, basi linakwenda."

"Nimesema nitaruka! Nikivunjika mguu utanibeba wewe mpaka Mathura."

"Ataruka kweli," Indutai akapaza sauti kutoka nyuma. "Simama, Phadke! Unataka kuandika maelezo polisi?"

Phadke akajipangusa kijasho. "Nusu saa. Dakika moja ikizidi, naondoka."

Ngazi za lango lile si za magoti ya mpishi. Shevanta alizipanda nusu anatembea, nusu anatambaa, viatu kavivua na kuvikumbatia kifuani. Mawe ya uani, jua la Mei limeyapika tangu asubuhi, yalimchoma nyayo, akawa anarukaruka huku amejifunika kichwa na ncha ya sari. Wauza nyuzi wakamzonga. "Mama, uzi! Uzi kwa ajili ya mtoto, kwa ajili ya kazi!" Aliwapita kwa viwiko. Kufunga hakuja kufunga.

Ndani ya kaburi la walii, marumaru yote imetobolewa matundu madogomadogo, na kila tundu limejaa nyuzi. Nyekundu, za manjano, maelfu. Dagdu alisema uzi wake ulikuwa wa kijani, ameuchomoa kwenye pambo la lori. Shevanta akaanza kupekua kwa vidole. Kijani hiki kipya mno. Hiki cha hariri. Macho yakaanza kumdanganya, kila uzi ukawa kijani.

"Unatafuta nini?" mhudumu wa kaburi akamuuliza. Alikuwa mtu mnene mwenye tambuu shavuni.

"Uzi wa mume wangu. Wa miaka thelathini na mbili."

Mhudumu alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. "Mama, nyuzi zikijaa tunazikata. Wake uliondoka zamani. Fungua wowote."

"Wowote? Na mwenyewe je? Nikifungua wa mwanamke mwenzangu, ombi lake si litaanguka?"

"Halianguki. Na yeye akija atafungua wa mwingine. Ndivyo tunavyokwenda hapa. Chagua, Mama, watu wanasubiri nyuma yako."

Chini kule honi ya basi ikalia. Shevanta akachagua mwekundu uliopauka, akaomba radhi kwa asiyemjua, akauma meno, akaanza. Fundo lilikuwa limekaza. Vidole vilivyokanda unga wa mtama miaka yote havikulishika, ukucha unateleza. Ndipo simu ikalia kiunoni.

Namba ya Bhaskar. Nyumbani hawapigi saa hizi.

"Bhaskar? Kuna nini?"

"Ni mimi, Mama," ilikuwa sauti ya Ujwala. "Hakuna kitu. Mtoto anacheza."

"Sasa unalia nini?"

Ujwala akavuta kamasi. "Mke wa mwenyekiti alikuja kunijulia hali. Anasema hata wewe umenikimbia. Mama, niambie ukweli, sitakasirika. Umeondoka ili usiwepo ikitoka hii pia? Umechoka na mimi?"

Honi ililia tena, ndefu. Shevanta alitazama fundo. Halijalegea hata kidogo. Angeweza kusema subiri, nitakueleza nikirudi. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya miaka minne. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, kisha akafungua mdomo.

"Nisikilize. Si wewe. Haijawahi kuwa wewe. Baba mkwe wako aliweka nadhiri huku ili Bhaskar azaliwe, na hatukurudi kuitimiza. Nilikuwa nakuonea aibu, mwanangu. Nilikuwa nageuza uso kwa aibu."

Kwenye simu kitanda kikalia, Ujwala ameketi.

"Miaka yote hii," Ujwala akasema polepole, "nilidhani unaniona mimi ndiye ninayewaua watoto wale."

Shevanta akapiga magoti palepale kwenye marumaru. Alilia kwa sauti, bila kujali foleni iliyo nyuma yake. Mhudumu akawarudisha watu hatua mbili.

"Mama? Nadhiri si haitajwi kabla haijatimizwa? Hata kwetu ni hivyo. Umeshafungua?"

"Bado."

"Mama!"

"Najua."

Wote wawili wakawa wanapumua kwa hofu kwenye simu, mmoja Borgaon, mmoja Sikri. Honi ya tatu ikalia, na mlio wa injini ukafuatia. Shevanta akabana simu kati ya sikio na bega, akaurudia uzi kwa mikono miwili.

"Usikate," Ujwala akasema.

"Sikati. Kaa hapohapo. Kaa na mimi mpaka fundo lifunguke."