Mchoro wa Evelina Ukutani kwa Alen

Tangu wazazi wake walipofariki, Evelina alibaki peke yake katika nyumba ya Bumbuli, yeye na ukungu unaopanda kutoka kwenye mashamba ya chai. Alikuwa amerudi kutoka masomoni China, na kuhusu kazi aliyorudi nayo hakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kutwa yuko mbele ya kompyuta: anaingiza majina ya viambata, zile kemikali zilizomo katika mizizi ambayo Wachina huwachemshia wagonjwa wa kisukari, nayo inamwonyesha protini za mwilini ambazo viambata hivyo vinaweza kuzigusa. Unatoka mchoro wa vitone na nyuzi, mithili ya wavu. Majirani walisema anacheza gemu.

Aliyekuja kumwona ni mdogo wake tu, Alen, kila Jumapili baada ya ibada, wakala pamoja. Siku moja Alen aliukodolea macho ule mchoro, akaelezwa maana yake, akaupiga picha. Evelina akafurahi moyoni. Hatimaye mtu ameitazama kazi yake.

Mwezi haukuisha, Evelina akaenda Lushoto mjini. Katika duka la Alen, anakouza unga wa dawa za Kichina, akaukuta mchoro wake ukutani, mkubwa kama kalenda, umeandikwa: IMETHIBITISHWA NA KOMPYUTA. Bi Rukia, mkulima wa kabichi mwenye kisukari, alikuwa akiunyooshea kidole.

"Shikamoo, bibi," Evelina akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Waona? Kila kitone ni ugonjwa umenaswa. Vidonge vya hospitali nimewatupia kuku!"

Evelina akamsogelea. "Bibi, mchoro huu ni wangu. Unatuonyesha pa kutafuta tu. Bado haijapimwa kwa mgonjwa hata mmoja kama dawa hii inaponya. Rudia vidonge vyako leo hii."

"Dada, unaniharibia!" Alen akanong'ona. "Si ulisema viambata vinagusa protini?"

"Nilisema vinaweza. Na kugusa si kuponya."

"Basi nyamaza. Una nani mwingine zaidi yangu?"

Hakuwa na mwingine. Angenyamaza, angebaki na ndugu, na bibi wa watu angepoteza macho au mguu. Akapanda juu ya stuli, akaubandua mchoro mbele ya wateja, kisha akamshika Bi Rukia mkono wakaelekea hospitali.

"Haya, msomi!" Alen akapaza sauti nyuma yao. "Nenda ukale na kompyuta yako!"

Bi Rukia alirudia vidonge, ila kwa aibu hakumtafuta tena Evelina. Jumapili iliyofuata Evelina alipika chakula cha watu wawili. Sahani ya pili aliifunika hadi jioni, kisha akaila mwenyewe, imepoa.