Kadi ya Duka Ilikuwa na Jina la Mume Wangu

Pemba, Jumamosi

Kwako dada msimamizi wa ukurasa,

Assalaam alaykum. Nakuomba jina langu ulifiche, maana hapa kwetu tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, nina watoto wawili, nakaa karibu na Madungu. Nimetoka eda wiki tatu sasa, na tangu nitoke situlii. Nakaa, nasimama, nafagia uwanja nilioufagia asubuhi. Juzi nilitia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Wanangu walikula hivyo hivyo.

Marehemu mume wangu alikuwa mchumaji karafuu. Miaka tisa nyuma tawi lilikatika naye, akaanguka, na mgongo haukurudi tena kama ulivyokuwa. Kupanda mikarafuu kukaishia hapo. Alikuwa mtu wa haya sana. Akaniambia, "Mwenzangu, watu wasijue kuwa wewe ndiye unayenilisha." Nikamwambia hawatajua. Mimi hupika mikate ya kumimina, ile ya mchele, ya harusi na maulidi. Watu walidhani napata pesa ya udi na kanga tu. Yeye akiulizwa, husema ana ushirika wa karafuu na mtu wa Wesha. Huyo mtu hakuwepo.

Mchele, sukari na hamira nilichukua kwa mkopo katika duka moja la jumla hapa mjini. Mwenye duka huwapa wateja wake kadi: unachukua mpaka kiwango chako, ukilipa unachukua tena. Kadi yetu ilikuwa na jina lake, na kiwango kilikuwa laki tatu. Kila Alhamisi baada ya Asr nilimhesabia pesa, akazitia mfuko wa shati pamoja na ile kadi aliyoifunga kwenye nailoni ya sukari, akaenda polepole kulipa. Akirudi hugonga mlango kwa nguvu, "Fungueni, tajiri amerudi!" Siku moja alisahau, akaingia kimya. Nikamtoa nje agonge upya. Hatukuchelewa hata Alhamisi moja.

Alifariki siku ya Jumatano. Pesa za kesho yake, laki mbili na kitu, nilikwisha kuzifunga kwenye leso.

Kwenye maziko, shemeji yangu alisimama kama ilivyo ada, akatangaza kuwa anayemdai marehemu ajitokeze. Mwenye duka akanyanyuka mbele ya watu, akasema, "Mimi namdai, na nimemsamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Wanaume walilia, nimeambiwa. Wifi yangu ndiye aliyeniletea habari ndani. "Unaona heshima aliyokuwa nayo kaka yangu?" Nikaitikia kwa kichwa.

Deni lile lilikuwa langu. Nilijiambia nikitoka eda nitampelekea pesa zake. Lakini miezi minne na siku kumi bila kuuza mkate, leso nikaifungua kidogo kidogo mpaka ikabaki leso tupu. Hilo sijapata kumwambia mtu.

Nilipotoka nilikwenda dukani. Mwenye duka ni mtu mzima, mpole. Alinipa pole, akanipa kiti, akanipa kadi mpya yenye jina langu. Nikaisoma. Elfu hamsini.

"Mzee wangu, ilikuwa laki tatu."

"Ilikuwa ya marehemu ile."

"Lakini hatujachelewa hata siku moja."

"Yeye hakuchelewa. Mteja kama yule sijapata wa pili. Lakini wewe, mwanangu, sijakuona hata siku moja ukinilipa shilingi. Hata hiyo hamsini nimekupa kwa kumkumbuka yeye."

Mpimaji wa sukari wa pale dukani akadakia huku anacheka, "Anza na vikate vidogo vya vibibi, Bi. Mikate itakuja yenyewe!"

Ukweli ulinifika kwenye ulimi. Nikasema ahsante, nikatoka.

Sasa nina harusi ya Vitongoji, mikate sabini, zimebaki siku kumi na mbili. Kwetu mikate hulipwa ikishaliwa. Elfu hamsini haimalizi hata sukari. Nikishindwa, kazi anapewa mwengine, na mpishi aliyeshindwa harusi moja haitwi ya pili. Wanangu hawana tegemeo jengine.

Nilimjaribu wifi kwa mbali. "Wifi, na kama deni lile lilikuwa langu mimi?"

Akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Lako wewe wa mikate? Kaka yangu kakulisheni miaka yote na mgongo wake mbovu. Leo hajakauka kaburini unataka kumvua nguo?"

Nikamwokotea mtandio wake. Nikimwendea mwenye duka nikamwambia ukweli, nitalipa deni langu kidogo kidogo, na huenda kiwango changu akakirudisha. Lakini atajua kuwa mtu aliyemsifu alikuwa akitumwa na mkewe, na duka lile halina siri, ikifika Magharibi mji mzima unayo. Nikinyamaza, jina la mume wangu linabaki zuri, na mimi nabaki nala msamaha ambao sikupewa mimi. Alhamisi iliyopita, baada ya Asr, nilijikuta nimekaa nyuma ya mlango. Sikuwa nangoja mtu.

Nyinyi mnaosoma hapa ndio wa mwanzo kulijua hili. Wenye elimu ya dini, wajane wenzangu, nipeni neno: niende nikaseme, au niishike ahadi niliyompa mume wangu na harusi inipite? Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha.

Na lolote mtakaloniambia, nikumbukeni katika dua zenu, na yeye mumkumbuke. Pesa zilikuwa zangu, ni kweli. Lakini miaka tisa alizibeba kwa mgongo ule, na hazikupungua hata sarafu njiani.