Mimba ya Kupandia Mlima

Jamani, hii nawahadithia kwa sababu mmenilazimisha, na atakayekwenda kuipeleka sokoni nitamjua tu. Aibu niliyoipata Newala siku ile sijui niiweke kwenye fungu gani. Mwanamke mzima, mke wa katekista, mimi niliyekuwa nawafinya mabinti wa kwaya wakicheka kanisani, nikaombewa na kanisa zima nijifungue salama, na tumboni sina hata minyoo!

Ilikuwa hivi. Mtoto wa dada yangu, Esta, alikuwa anaolewa Newala siku ya Jumamosi. Mimi ni mama yake mdogo, na kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna mjadala. Tena mimi na Yohana wangu Mungu hakutujalia wa kumzaa wenyewe, yeye akaitwa Katekista na mimi mke wa Katekista, basi, hakuna Mama Fulani wala Baba Fulani (na ninyi mnajua, mtu mzima akiitwa bila jina la mtoto huku ana mvi, ameambiwa jambo). Kwa hiyo harusi ya Esta ilikuwa harusi ya mwanangu. Ndugu wa bwana harusi walishapitisha maneno kwamba binti yetu ataingia kanisani na kitenge cha mama yake, nami nikasema thubutu, gauni nitalileta mimi kutoka Masasi.

Na nikalipata. Zilikuwa zile siku za ruksa, kila mtu ameruhusiwa kuuza chake, marobota ya mitumba yanafunguliwa kila wiki, unachambua mpaka mgongo unauma. Gauni jeupe, lina lesi mikononi na mkia wa kuburuza, doa moja tu chini nikalitoa kwa ndimu na jua. Pete zote mbili nazo zilikuwa kwangu, nimezifunga kwenye pindo la khanga. Kilichobaki kilikuwa shela, na hilo shela ndilo lililoniua.

Ijumaa asubuhi niko stendi namsindikiza Yohana, anatangulia na masufuria ya dada. Kondakta akaniambia, "Mama, panda leo. Kesho hatupandi mlima. Kifuku kimeshashika, mvua haiachi, na wale wa barabara wanamwaga kifusi, kuanzia kesho mwisho wetu chini." Hata kipande cha boksi walikifunga mbele ya basi, kimeandikwa kwa mkaa, MWISHO CHINI YA MLIMA. Nikacheka. Zamani basi lilikuwa moja la umma, likisema haliendi haliendi, lakini tangu mabasi yawe ya watu binafsi kila mpiga debe ana uongo wake, leo basi la mwisho, leo nauli inapanda, alimradi akujaze. Na mchana ule kuna robota jipya linafunguliwa, na ndani yake nimeambiwa kuna mashela. Nikamjibu mbele za watu, "Kamdanganye mama mkwe wako!" Stendi nzima ikacheka, nikaondoka natikisa mabega, nimeshinda.

Robota lilipofunguliwa lilikuwa na makoti ya baridi matupu.

Jumamosi nikapanda basi la alfajiri bila shela, nikijipa moyo. Padri alishasema ndoa ni baada ya adhuhuri na hasubiri mtu, kwa sababu ana pikipiki na anatakiwa kufika Mnyambe kabla mvua haijamkata njia, kesho ana misa huko. Na Jumatano inayofuata ni ya Majivu, Kwaresima inaingia, hakuna ndoa tena mpaka Pasaka ipite. Bwana harusi wiki ileile anarudi kazini mbali, na akirudi huko bila kufunga ndoa, nani ajuaye ndugu zake watamwambia nini? Yote hayo yananizunguka kichwani, na basi linakwama, linasukumwa, linakwama tena, mpaka tulipofika chini ya mlima jua liko juu ya utosi.

"Mwisho!" Kondakta yuleyule. Akanifungulia mlango, akaniangalia nikishuka, akasema kwa adabu zote, "Mama mkwe wangu anakusalimu sana."

Nikabeba furushi langu la gauni. Mbele yetu udongo mwekundu umelainika kama uji, greda limelala kando, vilima vya kifusi huku na huku, na abiria wenzangu wameshavua viatu wanapanda kwa kinjia cha pembeni, wanashika mizizi, mmoja kateleza na kuku wake wote. Usafiri ulikuwa trekta moja tu la watu wa barabara lenye tela, na nyapara amesimama mbele yake na mabuti marefu anapiga kelele, "Wagonjwa na wajawazito tu! Ndiyo safari ya mwisho! Wenye miguu yao, mlima ule pale!" Na upande wa bonde la Ruvuma wingu jeusi linapanda.

Nikapiga hesabu. Nikitembea, padri nitamkuta kaondoka, na gauni litakuwa jekundu.

Nikaenda nyuma ya mkorosho. Naapa, mwanzo nia yangu ilikuwa kulikinga gauni na mvua tu, nikalikunja, nikalifunga tumboni kwa khanga, nikashusha nguo yangu juu yake. Halafu nikajitazama. Mh! Nikaweka mkono kiunoni, miguu yenyewe ikaanza kutembea kibata. Na niwaambieni kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu: nilipoweka kiganja juu ya lile tumbo, moyo uliniruka, nikasimama pale muda kidogo zaidi ya ilivyokuwa lazima. Kisha ngurumo ikapiga, nikakumbuka shughuli.

Nyapara aliponiona sauti ikashuka. "Mama, peke yako na hali hiyo? Mume wako yuko wapi?"

Sasa hapo, wenzangu, uongo wangu haukuniponza, ulioniponza ni ukweli. Badala ya kutaja jina lolote nikasema, "Ni Katekista Yohana wa Masasi, yuko Newala kwenye harusi."

"Katekista!" Uso ukamng'aa. "Mimi naimba besi kwenye kwaya, hiyo harusi ndiyo naiendea! Kumbe Bwana amewakumbuka! Panda, panda! Mshikeni mama!"

Kwenye tela alikuwemo mzee mmoja wa malaria, na bibi mmoja wa Makote, mkunga wa siku nyingi, akiwa na mjukuu wake mwenye mimba ya kweli, kajikunja anauma pindo la khanga. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitika marahaba huku macho yake yako tumboni kwangu.

"Ya ngapi hii, mwanangu?"

"Ya kwanza, bibi."

"Na umri huo!" Akamgeukia mjukuu wake. "Wewe, sogea huko, mpishe mama." Na yule binti, na uchungu wake, akasogea kwenye ubao mtupu, mimi nikakalishwa juu ya gunia la pamba katikati. Nilitamani kusema. Nilifungua mdomo, lakini trekta likanguruma, nyapara akadandia nyuma, nikafunga.

Ule mlima siutaki hata katika ndoto. Tela linayumba, tairi la nyuma linakwenda kando, kando kwenyewe ni korongo, dereva anaomba Mungu kwa Kimakonde kwa sauti, na mvua nayo ikaanza. Pale kwenye kona kubwa tela likateleza likasimama upande, sote tukapiga yowe, nikajishika ubao kwa mikono miwili, na fundo la khanga likalegea. Gauni likashuka. Nikalisikia linashuka, kutoka kitovuni mpaka mapajani, na sina mkono wa kulizuia.

Bibi akaliona. "Mtoto ameshuka!" akapaza sauti. "Dereva, usisimame popote! Hospitali!"

"Hapana, mimi nishusheni kanisani!" nikasema.

"Uchungu huo unaongea," bibi akawaambia wenzake, akanibana magoti kwa nguvu ambazo sikujua kikongwe anazo.

Tukaingia Newala. Nikaliona kanisa, nikaona watu mlangoni, nikaiona pikipiki ya padri imeshatolewa nje, na trekta likapita. Nikalia, machozi kabisa, na wote wakanifariji! Nyapara akaruka chini hukohuko likitembea, akakimbilia kanisani kumpa mume wangu habari njema.

Hospitali, nesi mmoja, wodi ya wazazi ina kitanda kimoja kilicho wazi, nikalazwa mimi. Nesi akachukua kile kidude cha mbao cha kusikilizia mtoto, akakiweka, akasikiliza, akakihamisha, akanikazia macho. Halafu akavuta. Ikatoka lesi. Akavuta tena, ukatoka mkia, na ule mkia hauishi, unatoka tu, na mimi nimefumba macho.

"Hiki ni nini?"

"Gauni la harusi, dada. La mwanangu."

Nilifikiri atacheka. Hakucheka hata kidogo. Alinionyesha mlango, na pale mlangoni kwenye benchi ndiye yule binti, jasho linamtoka, anasubiri kitanda nilicholalia mimi. "Toka," nesi akasema, polepole tu. Bibi wa Makote akapita akimwingiza mjukuu wake, akatema mate chini. (Binti alijifungua salama jioni ileile, nilikwenda kuuliza mwenyewe. Lakini yale mate nayakumbuka kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa.)

Nikalikumbatia gauni kifuani, nikalifunika khanga lisilowe, nikakimbia. Nusu ya njia nikasikia vigelegele. Wanawake wa harusi wanakuja, dada yangu mbele, wametandaza khanga matopeni nipite, wanaimba, wanacheza na mvua. Kanisani wameshaniombea, kanisa zima limepiga magoti! Dada akaniona tumbo bapa, na mikononi nimebeba kitu cheupe kimefunikwa.

"Umeshajifungua!" akapiga yowe, akanirukia, akafunua khanga.

Wimbo ulikufa sauti moja moja, kuanzia mbele mpaka nyuma.

Nikamwona Yohana nyuma yao, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kimebaki kwenye tope gani. Akapita katikati ya wanawake, akanisogelea karibu. "Wameniambia wodi ya wazazi," akasema kwa sauti ya chini. "Nikadhani labda mimba ilikuwa changa, hukutaka kuniambia. Nikadhani inatoka."

"Ni gauni, Yohana," nikamwambia. "Nilitaka kuwahi trekta. Ni gauni tu."

Mume wangu akaliangalia lile gauni, mvua inamchuruzika usoni, na nyuma yake nyapara wa watu ameinamisha kichwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasubiri anigombeze, ningefurahi angenigombeza. Akanyoosha mikono, akalipokea kama anavyopokelewa mtoto mchanga, mkono mmoja juu, mkono mmoja chini.

"Basi lete," akasema. "Mtoto anasubiri." Akakimbia nalo, kiatu kimoja, na sisi wanawake wote nyuma yake.

Padri alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki, akaivua. Esta aliingia kanisani na gauni lenye mikunjo ya tumbo langu na bila shela, pete zikapatikana pindoni, na wale ndugu wa bwana harusi kitenge hawakukiona.

Tangu siku ile mimi nikiambiwa kesho basi mwisho chini ya mlima, napanda la leo, hata likiwa limejaa mbuzi, hata kondakta akiwa ni mwongo wa kuzaliwa. Na kuhusu jina, hilo ndilo lililobaki. Siku nilipokwenda tena Newala na Yohana, mama mmoja wa sokoni akaniita, "Mama Gauni, karibu nyanya!" Watu wakacheka, mimi nikaweka kikapu chini, nimekunja mikono ya blauzi, leo nauza ugomvi. Yule nyapara naye, akiwa upande wa pili wa barabara, akapaza sauti yake ya besi: "Baba Gauni, habari za Masasi?"

Nikamtazama mume wangu nione atafanya nini. Akageuka, akatabasamu mpaka magego, akaitika kwa mdomo wote, "Naam!"

Nikaokota kikapu changu, nikaenda kununua nyanya.