Gorogoro ya Tano

Kila ninapopita mahali samaki wanapokaangwa, mdomo wangu hukauka. Wengine humeza mate, mimi hukauka ulimi hadi kooni. Siku hizi nakaa Komarock, na hapo kwenye kona ya kuingilia mtaani mwetu mama mmoja ameweka karai lake la mafuta. Mimi huzungukia nyuma, kwenye matope, nikisingizia kwamba napenda kutembea. Nitawaambia ninyi sababu, kwa kuwa dada zangu wanaijua na hawataki kuisikia.

Tulikulia Maringo, mtaa wa Nairobi, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, wasichana watano na wazazi wetu wawili. Mchana baba yangu alichomelea vyuma. Jioni alikuwa Kocha, na hata sisi watoto wake tulimwita hivyo. Alifundisha ndondi katika ukumbi wa mtaa, mahali palipokuwa na harufu ya jasho, dawa ya kuchua na soksi ambazo hazikuwahi kuona sabuni. Ujanani alivunjwa taya wiki chache kabla ya kuchaguliwa timu ya taifa, na taya ilipopona wenzake walikuwa wameshapanda ndege. Tangu hapo alikuwa na wazo moja tu kichwani.

"Nikifa," alizoea kutuambia mezani, "msiniandikie kwenye msalaba mambo ya kulala mahali pema. Andikeni: huyu ndiye aliyemtengeneza fulani."

Kwa miaka mingi fulani hakuwa na jina. Mtoto wa kiume baba hakuwa naye, na wenzake walimkumbusha jambo hilo kwa utani uliouma. Kisha akatokea Odhiambo, kijana wa miaka kumi na saba, mwana wa mama aliyekaanga samaki karibu na lango la ukumbi. Odhiambo alikuwa mwembamba, mpole, mcheshi, na mikono yake ilikuwa myepesi mno. Ungeona glavu imekwisha kurudi kidevuni ndipo usikie kishindo.

Mashindano ya kuchagua timu ya Nairobi yalipotangazwa, Kocha aliamua kwamba Odhiambo atapigana katika uzani wa chini kabisa, kilo arobaini na nane. Uzani uliofuata ulikuwa na kijana mmoja mwenye mikono mirefu ambaye hakuna aliyetamani kukutana naye. Tatizo ni kwamba Odhiambo, kwa mizani yetu, alikuwa na kilo hamsini na mbili.

Na sasa niwaeleze mizani yetu. Ukumbi haukuwa na mizani. Mabondia walipimwa katika duka la jumla la Mzee Kamande, kwenye ile mizani kubwa ya magunia, Jumatatu jioni baada ya wateja kuondoka. Mzee Kamande alikuwa mzee wa kanisa, aliyeomba sala ndefu, na mizani yake iliiba. Mtaa mzima ulijua. Mama yangu alinunua kwake kilo kumi za mahindi, akayapima tena nyumbani kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, na gorogoro ya tano haikujaa hata siku moja. Kila mara mama aliinua lile kopo lenye pengo, akatuonyesha sisi na baba yetu, na kusema, "Mizani ya Kamande imekula tena." Baba alicheka. Tulicheka sote. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, hesabu nilikuwa wa kwanza darasani, na mahindi hayo niliyabeba mwenyewe kichwani.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, Kocha alimhamishia Odhiambo kwetu, ili awe mbali na karai la mama yake. Akaniita mbele ya dada zangu.

"Nyokabi, wewe ndiwe askari wangu. Huyu asile nisichomgawia. Na maji, zaidi ya ninayompimia, asukutue tu, ateme."

Sikuwahi kupewa cheo maishani, wenzangu, na cheo kilinilevya. Nilichukua kikombe cha bati, nikakwaruza ndani mstari kwa msumari. Nilikijaza maji hadi kwenye mstari, Odhiambo akasukutua, akatema mle mle kikombeni, nami nikachungulia. Maji yakiwa chini ya mstari, basi amemeza. Hakuna aliyenifundisha ujanja huo. Kocha alipouona alinipapasa kichwa, na mkono wake ule mzito nausikia hadi leo.

Wiki ya kwanza Odhiambo alinitania, akiniita Afande. Wiki ya pili aliacha kutania. Midomo yake ilipasuka, macho yakaingia ndani, akawa anakaa ukutani akitazama dada yangu mdogo akitafuna viazi. Jioni moja nikamkuta na kikombe, na maji yalikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole.

"Nyoks, usinichome," alininong'oneza. "Ni funda moja tu. Nakuomba, dadangu."

Nilikimbia hadi ukumbini, nikamchoma, yaani nikamsemea kwa Kocha, mbele ya mabondia wote, nikihema kwa furaha.

Kocha hakuwa mtu wa kupiga. Alimfuata Odhiambo nyumbani, akamshika mkono, akampeleka langoni pa ukumbi, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya karai la mama yake, mikono ameikunja, saa nzima kwa saa ya mkononi. "Kama huwezi kulipiga tumbo lako," alimwambia, "mtoto wa watu utampigaje?" Mama Odhiambo aligeuza samaki bila kuinua uso. Mafuta yalichachatika, wateja walikuja wakaondoka, na mtoto wake alitetemeka hatua moja kutoka kwenye chakula alichomkaangia tangu azaliwe.

"Kocha," alisema mwishowe, "huyu kwangu ni mmoja."

"Hata kwangu, mama," baba akajibu, na alimaanisha.

Mimi nilisimama pale nikihesabu dakika kwa sauti. Nadhani hapo ndipo mdomo wangu ulipoanza kukauka, ingawa sikujua.

Jumatatu ya mwisho mshale wa Mzee Kamande uligusa arobaini na nane. Tulishangilia hadi watu wakatoka majumbani. Mzee Kamande aliomba sala fupi, jambo ambalo lilikuwa muujiza wa pili siku hiyo.

Jumamosi asubuhi mashindano yalifanyika katika ukumbi mwingine, mbali kidogo na kwetu, uliokuwa na mizani halali. Odhiambo alivua nguo, akapanda. Mpimaji alitazama, akamshusha, akampandisha tena.

"Arobaini na nne," alisema. "Kocha, huyu umemlisha hewa?"

Watu wakacheka. Odhiambo hakucheka. Aligeuka, akanitazama mimi niliyekuwa nimeshika kikombe. Nilikuwa mtoto mwepesi wa hesabu, kama nilivyowaambia. Nikatoa arobaini na nne kutoka arobaini na nane, nikapata nne, na nikaiona gorogoro ya tano ikiwa na pengo lake mikononi mwa mama. Kumbe tangu siku ya kwanza Odhiambo alikuwa na kilo arobaini na nane zake kamili. Tulimnyima chakula ili apunguze kilo ambazo zilikuwa za Mzee Kamande.

Mpimaji alikuwa mtu mwema. Alimvuta baba kando, nami nikasikia. "Mwondoe leo. Mpe miezi michache ya kula. Mwakani atakuwa bingwa."

"Nimengoja miaka ishirini," baba alisema. "Hakuna sheria inayomkataza mtu kuwa mwepesi."

Alimpa mkate na maji ya glukosi. Odhiambo akatapika vyote, akanawa uso, akafungwa glavu.

Mpinzani wake hakuwa lolote, kijana mmoja mfupi mwenye shingo nene. Raundi ya kwanza Odhiambo alimkwepa kwa mazoea tu. Raundi ya pili miguu ilimwisha, akawa anasimama katikati kupokea. Watu walipiga kelele, taulo, taulo, lirushwe pigano lisimame. Taulo lilikuwa begani mwa baba yangu. Nilikuwa nyuma yake kabisa, niliona vidole vyake vikilishika, vikilikunja, vikilishikilia. Hakulirusha. Odhiambo alianguka chali, na kisogo chake kikagonga mbao ambazo turubai jembamba halikuweza kuzificha.

Alikaa hospitali wiki nyingi. Aliporudi ulimi ulikuwa mzito, mkono wa kulia ulitetemeka, na sentensi ndefu zilimpotea njiani. Mama yake akamweka kando ya karai, ikawa kazi yake ni kuparuza magamba ya samaki, kazi ambayo aliifanya polepole sana. Mama yangu alipokwenda kununua alifungiwa samaki wake katika gazeti, akapewa bila salamu. Kocha aliendelea kufundisha miaka kadhaa, hadi vijana wote walipohamia mpira.

Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba mkosaji ni mizani. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, nilipolifikiria lile pengo la kopo kwa mara nyingine na kumwona aliyekuwa ameketi upande wa pili wa meza akicheka. Baba alijua mizani inaiba. Alijua vizuri kama mimi. Alitaka tu iwe ya kweli kwa Odhiambo, kwa sababu kijana aliyepunguzwa kilo nne ni kazi ya kocha, na kijana aliyekuja akiwa tayari anatosha ni kazi ya mama yake. Nami siku ile kwenye mizani halali nilijua kabla ya pigano, na nilifunga mdomo, kwa kuwa nilitaka kupapaswa kichwa tena.

Baba tulimzika Murang'a, kwao. Watu wa mtaa walikodi basi, na Odhiambo akaja nao, mvi zimemjaa, koti limempwaya. Fundi wa msalaba alituuliza aandike nini. Dada zangu walinitazama, kwani wote tulikumbuka, na sasa jina la fulani lilikuwepo, limeketi kwenye benchi chini ya turubai. Tukamwambia aandike jina na miaka.

Chakula kilipogawiwa, nilimpelekea Odhiambo sahani mimi mwenyewe. Wali, viazi, nyama. Aliitazama, akaweka mikono juu ya magoti, ule mmoja ukitetemeka.

"Nyokabi," akasema, kila neno peke yake. "Nimeruhusiwa?"

Waliokuwa karibu walicheka, wakidhani ni utani wa zamani. Nilimtazama usoni kutafuta utani huo na sikuuona. Angengoja pale hadi basi liondoke.

"Kula, Odhiambo."

Akachukua kijiko, kisha akasita.

"Na maji?"

Nikaenda kwenye pipa, nikachukua kikombe, nikakijaza hadi kikafurika mkononi mwangu.