Mtaa Uliohesabiwa Mtupu

Wateja walimpachika jina la Mama Pasi kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta mikono mitupu. Alifua nguo za watu na kuzinyoosha kwa pasi ya mkaa, kola zikatoka ngangari kama za bwana harusi. Alikuja nchi hii akiwa msichana, akikimbia vita kwao. Hapa aliolewa, hapa akamzaa binti yake, mwenye ugonjwa wa selimundu. Maumivu yakimshika mtoto, viungo vyote vinawaka, naye hukimbizwa zahanati ya mwisho wa mtaa.

Karibu mtaa mzima ni watu wa kuja, na wote wanajua mlango unavyogongwa. Jirani hubisha hodi kwa mdomo. Serikali hugonga kwa kalamu. Ikisikika kalamu, kila nyumba inatokea uani kimya kimya, hata kichanga kinazibwa kwa ziwa.

Basi siku ya sensa kalamu ziligonga, mtaa ukayeyuka. Mama Pasi alimvuta binti yake nyuma ya mashuka mabichi yaliyoanikwa, wakachuchumaa.

Muuza mkaa, jirani yake mzawa, akamfuata huko huko. "Shoga, unajibanza kama panya? Wanahesabu vichwa tu, hawakamati mtu!"

"Hata baba yake huyu aliambiwa anaandikishwa tu," Mama Pasi alinong'ona. "Akapandishwa gari, mpaka leo."

"Haya, kaeni humo mchipue."

Mvua zilipokatika, Mama Pasi alimkuta nesi wa zahanati akipanga dawa kwenye maboksi.

"Kulikoni, dada?"

"Tunahamishwa, mama. Sensa imesema mtaa huu ni kama hauna watu. Zahanati inapelekwa penye watu."

"Hauna watu? Na sisi kwenye foleni hii ni moshi? Waiteni waje watuhesabu sasa hivi!"

Nesi hakuinua macho. "Hesabu imeshafungwa. Mngefungua mlango siku ile."

Foleni nzima iliangalia chini. Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Angemnyooshea nani?

Hospitali iliyobaki iko ng'ambo ya kizuizi cha polisi, na pale mtu mzima hapiti bila kitambulisho. Mama Pasi hana. Haukupita muda, maumivu yakamrudia mtoto, akawa anang'ata mto asipige kelele. Muuza mkaa alikuja amenawa masizi yote, mpaka kwenye kucha.

"Mlete. Nitasema ni wangu."

Mama Pasi alimfunga mtoto mgongoni mwa jirani, akakaza fundo, akalijaribu tena. Kisha akamwinamia sikioni.

"Pale kizuizini, mama yako ni huyu. Wakikuuliza habari zangu, hunijui. Umesikia?"

"Nimesikia."

Hakulia, wala hakuuliza kwa nini. Alijibu upesi mno, kama aliyelijua jambo hilo siku nyingi. Muuza mkaa akaanza kushuka njia. Mama Pasi alibaki mlangoni akitazama kile kichwa kidogo kikicheza begani kwa mwenzake, na mtoto hakugeuka nyuma hata mara moja.