Salamu kwa Magunia

"Sio kumvunjia Baba heshima, Mama," nilimwambia. "Hilo nshalisema tangu mchana, na kila nikisema wewe unageuza chapati kama hunisikii. Heshima gani ya kungoja mpaka mtoto wa watu agongwe, halafu ndo tuanze kulia?"

"Punguza sauti. Yupo ukumbini." Kisha akasema lile lile: mtoto wa kike hamnyang'anyi baba yake ufunguo. "Ukimtoa kwenye hiyo gari umemzika, mwanangu."

Baba ni dereva wa teksi. Asubuhi anapakia watoto wadogo wa Mlandege, anawapeleka skuli. Wakishashuka anakwenda kituoni Darajani kungoja wateja. Mie nimemaliza skuli, nnangoja nafasi ya chuo Tunguu, na leseni nnayo. Yeye mwenyewe ndiye alonifundisha, kwenye barabara za huko huko Tunguu, Jumapili baada ya Jumapili. "Gari haina haraka," alikuwa akinambia. "Wewe ndo una haraka."

Mambo yalianza kwa lawama. Nlikuwa natoka dukani, wazee wanaokaa baraza ya fundi cherahani wakanisimamisha. Nikawaamkia, wakaitikia, kisha mmoja akaniuliza, "Babaako kanunua ndege siku hizi?"

"Kwa nini, babu?"

"Maana anapita juu juu. Sisi wa chini hatuoni."

Wenzake wakacheka. Mmoja tu hakucheka. "Mtu tulokua naye," alisema, "anatupita kama miti."

Niliona haya kwelikweli. Mtaani kwetu kuipita baraza bila ya salamu ni kama kumtukana mtu kimya kimya, na Baba ndiye alotufundisha hivyo. Nikamfikishia maneno yao. Akasema, "Waambie wanisamehe. Nlikuwa na mawazo." Tangu siku ile kila akipita pale anapiga honi na kuinua mkono. Nikajua yamekwisha.

Hayakwisha. Alasiri moja nlipanda naye kurudi nyumbani. Wazee walikuwa wamekwenda kuzika, barazani hapana hata mtu. Mwenye duka la jirani kashusha mchele, magunia kayasimamisha pale pale, yameegemea ukuta kwa safu. Baba akapunguza mwendo, akapiga honi, akainua mkono.

"Asalaamu alaykum, wazee wangu."

Magunia yakakaa kimya.

"Bado wana hasira na mie," alisema. Kasema kwa unyonge, kama mtoto alofukuzwa mchezoni.

Salamu haiachwi ikaanguka chini, kwa hiyo niliitikia mie, polepole, "Waalaykumu salaam." Tulipofika nyumbani Baba alizima gari lakini hakushuka.

"Walikuwepo?"

"Hapana, Baba. Magunia ya mchele."

Akacheka kidogo, halafu akajifuta uso kwa kiganja. Ndipo akanieleza. Presha ya macho. Imekula pembeni kote, kilobaki ni katikati tu, anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Daktari kamwambia kilokwenda hakirudi, dawa ni ya kulinda hichi kilobaki. "Mbele naona," alisema. "Na njia za mji huu nnazijua. Usimwambie mtu." Kwa hiyo alikubali kuitwa mwenye maringo na watu alokua nao, ili wasijue.

Tangu hapo asubuhi nakaa naye mbele, nikijidai naangalia watoto. "Pikipiki kushoto, Baba." "Mtu anavuka." Ye huitikia "eh" tu, kana kwamba nampigia soga.

Leo asubuhi tuliwashusha watoto mlangoni kwa skuli. Mmoja, mwenye mkoba uliomzidi mgongo, kaangusha chupa yake ya maji, ikaviringika. Akenda kuinama mbele ya gari, pembeni, karibu na taa. Baba katazama mbele, kaona peupe, kaanza kuondoa gari. Nikavuta breki ya mkono. Gari ikaruka, ikazimika.

"Nini?"

"Mtoto."

"Wapi?"

Hilo "wapi" ndo lilonimaliza. Mtoto alikuwa keshainuka, kasimama pale na chupa yake, anatupungia, hajui hata kilichotaka kumpata.

"Yule pale, Baba. Anakupungia."

Baba akainua mkono akapunga, upande ambao mtoto hayupo.

Akanirudisha nyumbani. Nlipofika nyumbani nikamwambia Mama yote. Wala hakushangaa, akanambia alikuwa keshajua, ila alikuwa anangoja Baba aseme mwenyewe. Atasema lini? Kwetu kila mtu anamsubiri mwenzake kwa adabu, na gari inaendelea kwenda.

"Na wenzake kituoni watasemaje," Mama aliuliza usiku huu jikoni, "akipelekwa na binti yake?"

"Waseme."

"Na yeye je?"

Mama akazima jiko, akafunika chapati, akainama palepale na kulia bila ya sauti. Nlipopita ukumbini Baba alikuwa kakaa gizani, taa hakuwasha, ufunguo kaushika mkononi kama tasbihi. Nnajua kasikia kila neno. Nikaingia chumbani, ndo naandika haya.

Kesho nitaamka kabla yake. Nitaifuta gari vioo, nitaufungua mlango wa kushoto, wa abiria, niuache wazi, nisimame upande wa usukani. Akitoka nitamwamkia, kisha nitanyoosha mikono yote miwili nimwombe ufunguo. Akikataa sitaondoka pale, na watoto wachelewe skuli. Akinipa, nitaendesha polepole bila ya papara, na tukifika baraza ya fundi nitasimama kabisa. Nitamwambia nani kakaa wapi. Kama ni magunia, nitamwambia ni magunia. Salamu atatoa mwenyewe.