Nyumba Isiyo na Majivu

Krr, krr, krr. Ukisikiliza kwa haraka ungedhani ni manyunyu yanaanza kugusa bati, yale ambayo hata vumbi hayalowanishi. Jumapili baada ya kanisa nilikuwa nikilala chali kitandani, tumbo jepesi, nikiisikiliza sauti hiyo ikitoka upande wa chumba cha pili, na nikitabasamu peke yangu kama mtu aliyeletewa habari njema. Nilijiambia ni mabati yangu yanajinyoosha kwa jua. Nilijiambia nyumba inaongea na mwenyewe. Leo nikiikumbuka sauti ile, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya njaa.

Nyumba ilikuwa Nangara, vyumba viwili vya matofali ya kuchoma. Niliijenga kwa mkopo wa benki nikiwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali pale mjini Babati. Elimu yangu ilikuwa darasa la saba na kozi ya kupiga chapa. Sikuwa na mume wala mtoto. Fundi aliyeezeka aliniuliza mara tatu mwenye nyumba yuko wapi, na mara zote tatu nilikuwa nimesimama mbele yake nimemshikia misumari.

Hati ilikaa Arusha, kwenye kabati la benki, mpaka deni liishe. Miaka kumi na tano. Kila mwezi mshahara wangu ulifika umeshakatwa. Sasa, mimi utotoni nilihama nyumba sita, na mara zote ilikuwa kwa sababu mwenye nyumba kasema. Mara moja mama alihama na chungu cha maharage kichwani, bado kinachemka. Kwa hiyo niliposikia ofisini kwamba mtu anaweza kuongeza chochote juu ya kile anachokatwa, na miaka ikapungua, nilimwomba mhasibu arudie. Akarudia. Kisha akasema, ofisi nzima ikisikia, kwamba dawa fupi zaidi ni kutafuta bwana mwenye nyumba iliyokwisha. Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua: miaka mitano. Nilishaona hata pazia la siku ile, la maua ya njano, na mama amekaa chini yake amenyoosha miguu.

Basi nikaanza kubana. Siku zile kubana hakukuwa kugumu, kwa sababu madukani hakukuwa na kitu. Sukari ilikuja kwa foleni, sabuni kwa foleni, na mara nyingi foleni ilikuwepo na sabuni haipo. Nilifua kwa majani ya mpapai. Mafuta ya taa nikayaacha, nikalala na kuku. Kanisani nilijifunza kutumbukiza sarafu ndogo kwa kiganja kipana, mwenzangu wa pembeni asione. Viatu vilipotoboka niliweka kadibodi ndani, na mvua ya Babati unaijua, kadibodi ikawa uji, nikatembea na uji wa kadibodi vidoleni mpaka ofisini. Haya yote niliyafanya kwa furaha. Naomba uniamini. Nilikuwa naimba.

Kisha nikabana moto. Kuni zilikuwa ghali, kiberiti hakikuonekana, kwa hiyo nikawa napika siku moja na kula mbili. Na moto wenyewe nikawa nauomba kwa jirani.

Jirani yangu alikuwa mama mjane aliyeshuka kutoka milima ya Mbulu, anaishi na wajukuu watatu kwenye nyumba ya udongo ng'ambo ya njia. Kiswahili chake kilikuwa kizito, kila neno analiweka chini kama tofali. Jioni nilivuka na kigae cha chungu mkononi, nikamwamkia, akaniitikia, akanichagulia kaa jekundu kuliko yote. Hakuwahi kuniuliza kwa nini mtu wa mshahara hana kiberiti. Wakati wa mavuno aliniambia jambo moja tu, nami nikalisikia kama unavyosikia mtu akikutajia bei ya kitu usichonunua. Alisema siku hizi kuna mdudu mgeni, dumuzi, haogopi ganda la muhindi kama wadudu wa zamani. Pukuchua mahindi yako, alisema, uyachanganye na majivu mengi.

Nilimwambia sina mahindi, mimi ni mtu wa kununua unga.

Nilikuwa nayo. Chumba cha pili kilikuwa kimejaa mahindi mpaka karibu na dirisha. Nilikuwa nimepiga hesabu nikaona kinachonimaliza ni unga, na kwamba mahindi ya mashamba ya Sigino baada ya mavuno ni karibu na bure, halafu ikifika Februari yanapanda mpaka watu wanayataja kwa heshima. Nikanunua ya kula mwaka mzima na ya kuuza wakati wa njaa, pesa iende benki. Yalikuja kwa punda, safari nne, alfajiri. Niliyapanga na maganda yake, kama nyumbani kwetu tulivyofanya siku zote, kwa sababu muhindi ukivaa ganda lake unalindwa. Ndivyo nilivyojua. Dirisha nikaligongelea ubao. Ulikuwa mwaka wa kusakwa walanguzi, na binti asiye na shamba mwenye chumba kizima cha mahindi angejibu nini? Nikafunga kufuli, na ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari.

Februari ikafika. Na ile sauti tamu ya mabati ikafika nayo.

Jumapili moja mchana jirani yangu alikuja kwangu. Hilo lilikuwa jambo geni, maana siku zote mimi ndiye niliyevuka. Alikuwa na debe tupu mkononi, amelishika nyuma ya kanga, si kwa kulificha hasa, bali kama mtu anayekupa nafasi ya kutoliona. Alikaa kwenye kigoda. Tukaongea habari za mvua, za wajukuu. Kisha akasema kwamba chakula kimeisha ndani, na kama ninafahamu mtu mwenye mahindi, au kama mimi mwenyewe nina akiba kidogo, angeazima debe moja alirudishe mavuno yakitoka. Kwa desturi yetu hilo ni jambo dogo. Mahindi huazimwa, mahindi hurudi.

Lakini debe lile nilikuwa nimeshalipeleka benki kichwani mwangu. Yote nilikuwa nimeshayapeleka, moja moja.

"Mama, sina," nilisema. "Hata mimi nanunua kisado kisado."

Akalishusha debe sakafuni. Na hapo, ukutani, krr, krr, krr.

Akageuza kichwa polepole. Aliisikiliza sauti ile kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

"Nini hiyo, binti yangu?"

"Panya, mama."

Aliendelea kusikiliza kidogo. Akaniangalia shingoni, penye ufunguo. Kisha akaangalia meko yangu pale kwenye kona, mafiga matatu safi kama yamefuliwa.

"Wewe huna majivu," alisema. Hakuwa ananilaumu. Alisema kama mtu aliyeona kidonda. Akainuka, akachukua debe lake, akasema pole na panya, akavuka njia.

Nilifungua kufuli kabla hajafika kwake.

Kwa macho mahindi yalikuwa mazima. Maganda makavu, yamejipanga vizuri kama nilivyoyaacha. Niliokota moja, likawa jepesi kama manyoya. Nikalimenya, na vumbi jeupe likanimwagikia mkononi, la uvuguvugu, na ndani ya vumbi wadudu weusi, wadogo kuliko punje ya mtama, wakakimbilia kwenye mkono wa gauni langu. Nikamenya jingine. Gunzi na vumbi. Jingine, vumbi. Sauti sasa ilikuwa imenizunguka pande zote, maelfu ya vinywa vidogo vikila pazia la njano, vikila miaka yangu mitano, na mimi wiki tatu nzima nimelala chali nikivisikiliza na kutabasamu. Nilitapika pale pale mlangoni. Yalitoka maji matupu, maana siku ile haikuwa siku yangu ya kupika.

Ungedhani nilitupa. Sikutupa. Hili ndilo linalonichukiza zaidi hata leo. Nilichekecha. Nilipepeta zilizobaki kwenye yale niliyomenya, nusu punje na nusu wadudu, nikazipeleka mashineni. Msagaji akaangalia, akanitaka nisubiri niwe wa mwisho, nisije nikachafulia watu unga. Nikasubiri. Nikapika ugali wa rangi ya maji ya mtaro, mchungu, unanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni, na nikaula. Kila tonge nilijiambia hii ni pesa ya benki, huwezi kuitupa pesa ya benki. Wadudu walipasuka menoni kama mbegu za nyanya. Nilifumba macho, nikameza, na siku ya pili nikala kiporo chake.

Na jioni ya siku hiyo ya pili nikachukua kigae changu, nikavuka tena kwenda kuomba moto wa kupikia unga uliobaki. Ndiyo. Baada ya yale yote. Kiberiti kilikuwa hakipo, na aibu nayo nilikuwa nimeibana kama nilivyobana mengine.

Walikuwa wanakula. Sufuriani mlikuwa na majani ya maboga yaliyochemshwa na konzi ya pumba, ile tunayowapa kuku. Mjukuu mdogo alikuwa anaitema, bibi anaiokota kidevuni kwa kidole na kuirudisha mdomoni, taratibu, bila hasira. Nilimwamkia. Akaniitikia kama siku zote. Akasogeza kigoda.

"Karibu, ule na sisi," alisema.

Nilimwambia nimeshiba. Na hapo hapo nikacheua, na uchungu wa dumuzi ukanipanda mpaka puani, na nina hakika harufu yake ilimfikia. Akachokoa meko, akanichagulia kaa, lile jekundu kuliko yote, akaliweka kwenye kigae changu kwa vidole vyake mwenyewe.

Nilisimama njiani katikati ya nyumba zile mbili mpaka kaa likafifia. Nilijiona kama wale funza wa kwenye mifereji, kitu kinachonenepa penye uchafu. Hapana, hata hao huwa hawadanganyi.

Kesho yake niliomba ruhusa ofisini, nikasema naumwa, na haikuwa uongo. Nilitoa ubao dirishani. Mwanga ukaingia, na majirani nao wakaanza kupita polepole kuliko kawaida. Sikujali tena kama nitaitwa mlanguzi, maana mlanguzi gani hulangua vumbi? Nilitoa lundo lote nje, nikakaa chini kwenye kanga, nikawa namenya moja moja. Katika mahindi thelathini nilipata moja lenye safu mbili tatu za punje nzima, nikazitoa kwa kidole gumba, nikazipuliza, nikaziangalia kama zina tundu. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu. Kidole kilitoka malengelenge. Wadudu walinitambaa shingoni, masikioni, kwenye rozari. Siku ya tatu jioni debe moja lilijaa mpaka ukingoni, na kisado kidogo kikabaki, na kando yangu kulikuwa na mlima wa vumbi ambao kuku walichakura kwanza, kisha wakauacha.

Nililivusha debe nikiwa nimelikumbatia kifuani. Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu, na nilipofika mlangoni yote ikanipotea. Nikaliweka chini mbele yake. Nikasema sitaki lirudi.

Alichota punje mkononi, akazigeuza kwenye mwanga, akauma moja. Ikalia kwa ugumu.

"Panya wako wana roho nzuri," alisema.

Wajukuu walicheka bila kujua wanacheka nini. Na mimi nikacheka, halafu nikalia, halafu akaniambia niache kulia juu ya mahindi, yatalowa. Akaniuliza, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana, mavuno haya nitayatunzaje. Nilimwambia sijui kama nitanunua tena. Akasema nitanunua, mtu wa nyumba lazima anunue. Nyumba ni yako, alisema, lakini huna majivu. Mtu akiingia anadhani hakuna anayeishi.

Mwisho wa mwezi ilikuwepo bahasha. Kila mwezi niliipeleka posta, ile nyongeza ya juu ya makato, nikitunza stakabadhi kwenye Biblia. Mwezi ule niliitoa bahasha, nikapita posta nje nje, nikaenda sokoni. Nilinunua mzigo mmoja wa kuni kavu kwa mwanamke aliyetoka kijiji cha Bonga, na kiberiti kimoja kwa bei ya kuruka ambayo sitaitaja. Pesa iliyobaki nikairudisha kwenye bahasha. Sikuacha kulipa, usinielewe vibaya. Hati bado naitaka, na pazia lile bado naliona. Lakini haitakuwa miaka mitano.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Nikafunga mlango. Nikapanga kuni kwenye meko, tatu, nne, kisha nikaongeza ya tano. Njiti ya kwanza ilikatika, ya pili ikawaka. Sikuwa nimekusudia kupika; sikuinjika sufuria wala birika. Nilikaa juu ya ndoo niliyoifudikiza, nikautazama moto wangu ukila kuni mpaka ukatosheka. Ulipolala, nikachukua kipande cha bati, nikakusanya majivu yakiwa bado na joto, nikayamwaga juu ya kile kisado cha punje kilichobaki, nikaingiza mikono yote miwili mpaka vifundoni, nikaanza kuchanganya.